Jiwe Hutoboa, Maji Humaliza: Mwongozo Kamili wa Kukagua, Kutengeneza na Kutunza Skii

Asubuhi moja ya Februari nililetewa jozi mbili za skii, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni kutelezea theluji, kwa mpigo katika karakana ninayofanyia kazi kila majira ya baridi, huku Tirol, Austria. Ya kwanza ilikuwa na shimo la kutisha kwenye soli. Jiwe lilikuwa limechimba urefu wa kidole, na mbao ya ndani ilionekana. Mwenyewe alishakata tamaa, alikuwa anauliza tu pa kuzitupa. Ya pili iling'aa kama imetoka dukani jana. Mwenye nayo alitaka apakiwe nta haraka arudi mlimani. Nikaibana ncha ya nyuma kwa vidole, na tone la maji likachuruzika ubavuni, rangi ya chai ya rangi.

Ile yenye shimo ilirudi kwenye theluji baada ya siku mbili na mpaka leo inateleza. Ile inayong'aa nilimrudishia mwenyewe nikamwomba asiivae tena.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kabla sijaiona theluji kwa macho nilishawaona mafundi wa madau wakikalafati. Fundi dau hababaishwi na mkwaruzo, anachotafuta ni mahali maji yanapoingilia. Kwenye skii nimeikuta kanuni ileile, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake. Ukiona dosari yoyote, jiulize kwanza: je, maji yanaweza kufika kwenye mbao? Kama hayawezi, una muda, hata kama dosari inachukiza macho. Kama yanaweza, skii hiyo haipandi mlimani leo.

Ninazungumzia skii za mteremko. Zile nyembamba za masafa marefu, kama alizovaa Philip Boit alipoiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, mwaka 1998, kwa kawaida hazina kingo za chuma na zina utunzaji wake.

Ndani ya skii mna nini

Katikati kuna kiini cha mbao: popla, ashi, biichi au mchanganyiko wake, vipande virefu vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu. Juu na chini ya kiini kuna tabaka za faibaglasi. Skii za mashindano na za watu wenye nguvu huongezewa bati la titanali, ambalo licha ya jina lake ni aloi ya alumini. Chini kabisa kuna soli ya poliethilini, ukoo mmoja na ile mifuko ya rambo iliyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, ila hii ni ngumu mno. Unene wake ni milimita moja na kitu tu. Soli imezungukwa na kingo za chuma zenye upana wa milimita mbili hivi zikiwa mpya. Kingo hizi zina historia ndefu: Rudolf Lettner wa Salzburg alizipatia hataza mwaka 1926, kwa sababu mbao tupu ilikuwa haishiki kwenye barafu na ilikuwa inalika upesi.

Ubavuni kuna plastiki ngumu, na juu kuna ngozi yenye michoro, ambayo ndiyo wateja wanaililia kuliko kitu kingine na ndiyo yenye kazi ndogo kuliko zote. Vyote hivi vimeshikanishwa kwa gundi ya epoksi, kwa joto na mgandamizo.

Kila tabaka peke yake ni imara. Shida iko kwenye maungio. Howard Head, mhandisi wa ndege wa Marekani, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuunganisha alumini na mbao kuwa skii moja, na zile za kwanza wakufunzi wa skii wa jimbo la Vermont walizivunja zote alizowapa kujaribu. Maji yakiingia kwenye ungio, mbao huvimba. Usiku yakiganda hutanuka na kusukuma tabaka ziachane. Kesho yake barafu inayeyuka, ufa umepanuka, na maji mengine yanaingia.

Ukaguzi wa dakika tano

Fanya hivi kila jioni, siyo mwisho wa msimu. Futa skii kwa kitambaa kikavu, juu na chini, na uziache zipate joto la chumba. Skii yenye theluji haisomeki.

Igeuze soli ikuelekee, uinue ncha moja kuelekea dirishani au kwenye taa, uangalie mwanga unavyotambaa juu yake. Mikwaruzo yote itajitokeza. Tafuta rangi: soli nyingi ni nyeusi, kwa hiyo ukiona weupe unaoelekea kijani umefika kwenye faibaglasi, na ukiona hudhurungi hiyo ni mbao. Weupe wa vumbivumbi kando ya kingo ni jambo jingine. Huo ni ukavu wa soli iliyokosa nta, na dawa yake ni nta tu, hata mara mbili tatu mfululizo.

Kisha kingo. Usipitishe kidole kwa urefu wake, utajikata. Pitisha kipande cha kitambaa cha pamba: panapoinasa nyuzi pana makali yaliyopinda.

Halafu ubavu. Minya soli na ngozi ya juu kwa kidole gumba na cha shahada, ukianzia ncha ya mbele, chini ya buti, hadi mkiani. Kitu chochote kinachofunguka na kufunga kama mdomo wa samaki ni kubanduka. Gonga kwa ukucha: sehemu nzima hutoa mlio mkavu, iliyobanduka hutoa mlio wa debe. Mkiani ndipo pa kuangalia zaidi, maana watu wengi husimamisha skii kwa kuzipigiza chini, kwenye zege, mara kumi kwa siku.

Mwisho, ziweke skii mbili soli kwa soli bila kuzibana na uziangalie kwa pembeni. Zinatakiwa kugusana sehemu zilezile na kuachana kwa usawa. Moja ikiwa imelala au imejikunja mahali pamoja, hasa mbele ya kifungio (kile kinacholishika buti kwenye skii), imepinda, na sijawahi kuona iliyopinda ikanyooshwa ikabaki hivyo.

Mikwaruzo ya kawaida ya soli

Pitisha ukucha kukata mkwaruzo. Usiponasa, achana nao, nta itaufunika. Ukinasa na bado rangi ni ya soli tu, uzibe kwa mshumaa wa soli, yaani kijiti cha poliethilini kinachouzwa kwenye maduka ya skii. Chagua cheusi kwa soli nyeusi na cha rangi ya maji kwa soli za rangi.

Bana skii mezani soli ikiwa juu. Kwangua nta ya zamani kuzunguka jeraha, futa kwa spiriti, kisha subiri spiriti ikauke kabisa na chupa uipeleke mbali, kwa sababu unakaribia kuwasha moto. Kata nyuzi zilizosimama kwa kisu kikali. Ukiziacha, kiraka kitashika nyuzi badala ya soli na kitang'oka kwenye teremko la kwanza.

Washa kijiti juu ya bati au kikwangulio cha chuma. Moto utakuwa mkubwa, wa njano, na matone ya kwanza yatakuwa na masizi. Yaache yadondoke kwenye bati. Shusha kijiti karibu na bati na ukizungushe polepole mpaka moto uwe mdogo na uanze kuwa wa bluu. Hapo sogea kwenye mkwaruzo, kijiti kikiwa juu ya soli kwa upana wa kidole tu, udondoshee ukifuata mstari. Jaza hadi ipite usawa wa soli. Mkwaruzo wa kina hujazwa kwa awamu mbili, maana plastiki hunywea inapopoa. Fungua dirisha, na usijaribu kulifuta tone lililokuangukia mkononi: linanata na kuchuna ngozi. Liingize kwenye maji baridi.

Subiri nusu saa. Wengi huharibia hapa kwa haraka, wanakwangua plastiki ikiwa bado na uvuguvugu na kiraka chote kinatoka. Ikishapoa, kwangua kwa chuma chenye makali, kuanzia mbele kwenda nyuma, kidogo kidogo, mpaka kidole kisihisi kilima. Malizia kwa msasa laini na nta.

Shimo lililofika kwenye mbao

Kwenye shimo la namna hii mshumaa hausaidii. Poliethilini haishiki kwenye faibaglasi, mbao wala chuma. Utaona umeziba vizuri, na kesho kiraka kitakuwa kimebaki mlimani na maji yamelala ndani.

Ukigundua ukiwa juu, shuka. Siku haijaisha kwako, ila kwa skii hiyo imeisha. Ikifika nyumbani isimamishe ndani usiku kucha ikauke, si juu ya hita wala karibu na jiko, maana joto kali huachanisha maungio mengine.

Shimo dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lililo mbali na ukingo, naliziba kwa epoksi tupu. Safisha, kwaruza ndani kwa msasa, changanya epoksi ya kukauka polepole kwa vipimo vilivyoandikwa, jaza, acha saa 24, kisha sawazisha. Sehemu hiyo haitanyonya nta, lakini hakuna atakayeihisi miguuni, na maji yamefungiwa nje.

Kubwa zaidi linahitaji kiraka cha soli. Nunua kipande cha unene uleule, ambacho upande wake mmoja umetayarishwa kupokea gundi. Kata kiraka chenye pembe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndizo zinazoanza kunyanyuka. Kiweke juu ya jeraha, uzungushe ncha ya kisu kufuata umbo lake, utoe soli ya zamani iliyo ndani ya mstari. Jaribu kukipachika kikavu kwanza. Kikikaa sawasawa, paka epoksi pande zote mbili, kipachike, funika kwa karatasi isiyonata ya kuokea, weka kipande cha chuma bapa juu, ubane kwa klampu hadi kesho yake.

Shimo linalogusa ukingo wa chuma mpelekee fundi mwenye mashine ya kulehemu plastiki. Pale pana chuma, plastiki na faibaglasi pamoja, na skii inapinda papo hapo kila kona. Viraka vya nyumbani vya sehemu hiyo nimevibandua vingi mno.

Kingo

Jiwe likigonga ukingo, chuma hupata joto la ghafla kisha hupozwa na theluji papo hapo. Sehemu hiyo inakuwa ngumu kuliko tupa. Ukianza na tupa itateleza juu yake, meno yatakufa, na utakuwa umeharibu vitu viwili. Anza na jiwe la almasi lililoloweshwa maji, ulisugue mahali palipogongwa mpaka mlio wa kukwaruza ulainike. Ndipo ushike tupa, ikiwa ndani ya kishikio chenye pembe. Upande wa ubavu huwa nyuzi 2 au 3, upande wa soli nusu hadi 1. Pitisha kwa mwelekeo mmoja tu, kwa mapigo marefu yasiyokandamizwa, ukifuta vumbi la chuma kila mara. Upande wa soli uuguse mara chache iwezekanavyo, kwa sababu ukiula huwezi kuurudisha bila kusaga soli nzima.

Nyufa nyembamba kama unywele zinazokata ukingo kwa upana zinawatisha watu bure. Kama vipande viwili bado vimelala usawa mmoja, endelea. Kinachotakiwa kukutisha ni ukingo uliosukumwa ndani au kutoka nje, hata kwa nusu milimita, maana nyuma yake kuna mlango wa maji. Hiyo ni kazi ya karakana: kukata kipande, kupachika kingine, kukishika kwa epoksi.

Kutu nyekundu ya juujuu ifute kwa jiwe laini. Mara nyingi inatoka safarini. Skii zinapofungwa juu ya paa la gari, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huzipiga njia nzima. Zitie kwenye mfuko, na ukifika uzitoe mara moja, kwani mfuko uliolowa ukifungwa usiku kucha ni mbaya kuliko paa. Unapozibeba, tumia mikanda ya kuzishika soli kwa soli. Zikisuguana bila mikanda, ukingo wa moja unakata soli ya nduguye.

Kubanduka kwa tabaka

Mwaka 2014 barafu ya mlima Digervarden, Norway, ilitoa skii moja ya mbao, na mwaka 2021 mwenzake akapatikana mita chache kutoka hapo. Zina umri wa miaka 1,300 hivi, na zina alama za matengenezo. Huwaonyesha picha zake wateja wanaoniambia skii ikibanduka ni ya kutupa.

Kubanduka kwa ncha au mkia, kusikozidi kiganja, kunatengenezeka nyumbani kukiwahiwa. Kwanza pima mbao: ingiza ncha ya msumari kwenye ufa. Mbao ngumu, hata ikiwa na madoa, inafaa. Ikibonyea kama mhogo uliooza, acha, hakuna gundi itakayoshika uozo.

Panua ufa kwa vijiti vya meno na uisimamishe skii kwenye chumba chenye joto siku mbili, tatu kama una subira. Sijui hatua inayorukwa zaidi ya hii. Epoksi iliyomiminwa juu ya unyevu hukauka vizuri kabisa, na inaachia wiki inayofuata. Ikishakauka, ingiza msasa uliokunjwa, au msumeno mwembamba wa chuma kama ufa ni finyu, ukwaruze pande zote mbili. Puliza vumbi, pitisha spiriti, acha ikauke.

Gundisha tepu kwenye soli na ngozi ya juu karibu na ufa ili usije ukakwangua gundi kutwa. Changanya epoksi ya saa 24. Ile ya dakika tano ni ya kushikia kikombe kilichovunjika, hukauka ikawa kavu kama biskuti, na skii inapindapinda. Isogeze ndani kwa ubapa mwembamba, kisha fungua na kufunga ufa mara kadhaa, uone unavyoivuta gundi mpaka kwenye kona. Toa vijiti. Funika kwa karatasi ya kuokea, weka vibao viwili juu na chini, kaza klampu hadi gundi ichomoze kidogo pande zote, uishie hapo. Wenye mikono mizito hukaza mpaka gundi yote inatoka nje, wanabaki wamebana mbao kwa mbao.

Chumba kisishuke chini ya nyuzi 20. Kesho yake fungua, kwangua ziada, pitisha jiwe kwenye ukingo.

Ngozi ya juu iliyobanjuka vipande vipande kwa kugongana na skii nyingine ni suala la sura tu. Laza msasa kwa pembe, ondoa kingo zilizonyanyuka, tia tone la epoksi pale nyuzi zinapoonekana.

Vifungio: usiviguse

Skrubu ikicheza, au kifungio kikitikisika ukikishika kwa mkono, usikaze kwa bisibisi na kuondoka. Tundu limeshapanuka au limeingiwa maji. Mpelekee fundi azibe, atoboe upya na apime kifungio kwa mashine kama kinaachia kwa nguvu inayotakiwa. Kipo kiwango cha kimataifa cha kazi hiyo, ISO 11088. Soli nitakufundisha kwa maandishi, lakini kifungio kikikosea kinachovunjika ni goti.

Ukiwa unanunua za mkononi

Angalia vitu vitatu kabla ya bei. Ukingo uliobaki: ukiona umebaki mwembamba chini ya milimita moja sehemu za chini ya buti, zimeshasagwa mara nyingi na hazitastahimili nyingine nyingi. Matundu ya zamani chini ya kifungio: yakiwa zaidi ya seti mbili, ziache. Na mkia, uminye kama nilivyoeleza. Vifungio pia vina umri: viwanda huacha kuvidhamini vya zamani, na karakana nyingi zitakataa kuvirekebisha hata kama vinaonekana vizima.

Jozi ya bei poa yenye makovu lakini kavu ndani ina kazi yake. Austria watu huiita Steinski, skii ya mawe: huvaliwa Novemba na Aprili theluji ikiwa nyembamba, ile nzuri ikipumzika. Kwa aliye Dubai anayeteleza ndani ya jengo, mawe hayapo, ila zikiachwa na unyevu kwenye mfuko zinaoza vilevile.

Nta na mapumziko ya kiangazi

Nta ya kila siku tano sita za kuteleza huzuia soli isikauke. Tumia pasi ya nta. Ya nguo ina matundu yanayoficha nta na joto lake linapanda na kushuka. Pakiti nyingi hutaja nyuzi kati ya 110 na 140. Nta ikitoa moshi, punguza. Pasi isisimame hata sekunde moja, maana soli inaungua na gundi chini yake inalegea. Poza, kwangua kwa plastiki, piga brashi.

Msimu ukiisha, osha chumvi kwa maji ya kawaida bila kuvipiga vifungio kwa presha, kausha siku nzima, tengeneza majeraha yote wakati huo badala ya kuyangoja Desemba. Noa kingo. Kisha paka nta nene, ifunike soli na kingo pia, na usiikwangue. Zifunge kwa ulegevu bila kuzibana katikati, uziweke ndani mahali pakavu pasipofika jua, juu ya kibao na siyo kwenye zege tupu. Novemba utakwangua nta ile, na kabla ya kuzibeba utaminya mikia mara moja zaidi.